Nchi Ambako Mwanangu Alifaulu Kurudi Nyumbani

Uvumi wenyewe niliusikia mashineni, tukingoja zamu ya kusaga, na tangu hapo haukunitoka kichwani. Mama Lugano, jirani yangu, mwanamke asiyejua kunong'ona, alisema kuna mtoto wa kata ya pili aliyerudi likizo kutoka nchi ya Maanani. Mvua ikaanza kunyesha, mama yake akamwambia, "Mwanangu, hebu ingiza mbuzi." Mtoto akasimama wima, mikono nyuma, akaeleza kwamba "bring in" maana yake ni kukiingiza ndani kitu kilichokuwa nje. Halafu akaketi. Mama akangoja. Mbuzi akalowa mpaka akaanza kukohoa. Mtoto akauliza mbona hapongezwi.

Wanawake walicheka hadi unga ukawaingia puani. Na mimi nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu mwanangu Tusekile alikuwa huko huko Maanani, na likizo ilikuwa imepita hajaonekana.

"Acha maneno ya mashineni," baba yake akaniambia. "Mtoto anasoma."

"Mbona hajarudi likizo?"

"Ndiyo ujue anasoma sana."

Nikafunga magimbi ya kuchemsha kwenye kitenge, nikaenda mwenyewe. Njia sitaisimulia. Anayetaka kwenda Maanani ataiona tu, wazazi wameikanyaga mpaka imekuwa pana. Nitasimulia niliyoyakuta, na nitaandika kama ninavyoongea, maana mimi niliishia darasa la saba.

Kwanza nieleze wanachokisoma, bila hicho hutawaelewa. Kiingereza kina vitenzi vinavyotembea na kimkia. "Look" peke yake ni kutazama. Kifungie kimkia "after", kinakuwa kumtunza mtu. Ondoa hicho uweke "for", kinakuwa kutafuta. Weka "into", kinakuwa kuchunguza jambo. "Give" ni kutoa, lakini "give up" ni kukata tamaa, na hakuna mtu aliyepewa kitu. Ni maneno ya kuumiza kichwa, na anayeyajua mimi namheshimu. Kuyajua si kosa. Kosa liko kwenye sheria yao.

Sheria ya Maanani ni hii: anayejua maana ya tendo amekwisha kulitenda. Mtihani unafanyika hadharani, katika Uwanja wa Kengele. Unaulizwa kitenzi na mkia wake, unaeleza maana, unatoa mfano. Ukifaulu kengele inalia, na watu wanakuja kukushika mkono, hawakupongezi kwa kujua, wanakupongeza kwa kutenda. Ukifeli, adhabu yako ni kulitenda tendo lile kwa mikono yako mwenyewe, mbele ya watu.

Sikuelewa mpaka nilipoona kibanda cha nguo kinaungua sokoni. Mwenye kibanda alikuwa anapiga yowe. Wakaja mabwana wawili wamevaa suti, wakasimama mbele ya moto kwa heshima zote. Mmoja akasema, "'Put out' ni kuuzima moto au taa." Mwenzake akasema, "Mfano: tuliuzima moto kabla haujafika dukani." Kengele ikalia. Watu wakapiga makofi, wakaanza kumpa pole mwenye kibanda kwa moto uliokuwa umezimika. Na moto huo ulikuwa umeshafika kwenye vitenge.

Ndipo wakatokea wanaume na ndoo, vichwa chini, kama watu waliofumaniwa. "Wajinga hao wanapita!" watoto wakawazomea. Waliumwagia maji ule moto mpaka ukafa, na hakuna aliyewatazama usoni.

Mmoja wao aliweka ndoo chini karibu yangu ili apumue. Mtu mnene kiasi, jambo ambalo kule si la kawaida. Jina lake Sadala.

"Kaka, ninyi ndio zimamoto?" nikamuuliza.

"Mama, sisi ndio tuliofeli." Akajifuta masizi. "Mimi nilichanganya 'put out' na 'put off'. Nikasema ni kuahirisha. Wakaniambia haya, basi utazima mpaka uelewe. Asubuhi napika, vilevile nilifeli. Jioni nafagia. Nimefeli vitu vingi mimi, dada yangu. Bila sisi tuliofeli, nchi hii ingekuwa imekufa."

"Na wale waliofaulu mtihani wa kula, wanakulaje?"

Akaangalia pembeni, akacheka kwa pua. "Wakubwa huja mlango wa nyuma wa jiko. Wanakula wamesimama. Na mimi najifanya nawapa maelezo."

"Na watoto?"

Hapo hakucheka. "Watoto hawajaujua huo mlango," akasema.

Sikungoja tena. Nikamwomba anielekeze bweni la wasichana.

Tulipita hospitali yao njiani. Daktari alikuwa anatembea kitanda hadi kitanda, hana sindano wala dawa, ana chaki. Anawafundisha wagonjwa "get over", yaani kupona maradhi. Mgonjwa mmoja alieleza vizuri sana huku anatetemeka, kengele ikalia, wakamwambia aondoke kitandani maana amepona. Akaondoka ameshikilia ukuta. Niliharakisha.

Bwenini nilipokewa na Bi Bayana, msimamizi. Ukutani kwake alikuwa ametundika cheti kikubwa cha "look after", daraja la kwanza. Alinikaribisha kwa maneno matamu, kiti hakunipa.

"Nimekuja kumwona mwanangu, Tusekile."

"Tusekile!" Akapiga makofi kwa furaha. "Mtoto wa kujivunia. Lakini umechelewa, mama. Alisharudi kwenu."

"Alirudi lini?"

"Alifaulu 'come back', kurudi mahali ulipotoka. Kengele ililia mpaka tukaziba masikio. Na mimi siku hiyo hiyo nikafaulu 'see off', kumsindikiza msafiri. Nilimsindikiza vizuri, nililia."

"Ulimsindikiza hadi wapi?"

"Mama, nimekwambia nilifaulu."

Nyuma yake, barazani, kulikuwa na mtoto amekaa sakafuni ameegemea nguzo. Niliyaona magoti kwanza. Magoti yale nimeyapaka mafuta tangu yalipokuwa ya kutambaa.

"Na yule ni nani?" nikauliza.

Bi Bayana aligeuka, akatazama nguzo. "Pale hakuna mtu. Kitanda chake tumeshampa mwingine, sahani yake pia. Tungewezaje kumwekea chakula mtu aliyekwisha kwenda kwao?"

Nikampita. Mtoto akasimama kwa kujishika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mikono ikaenda nyuma yenyewe. "'Eat up' ni kula chakula chote bila kubakiza. Mfano: Tusekile alikula wali wote."

"Sikukuuliza hivyo. Umekula?"

"Mama, nilifaulu."

Mfupa wa shingo ulikuwa umesimama kama mpini. Nikafungua kitenge, nikamwekea gimbi mkononi. Akatazama kushoto na kulia. "Mama, wataniona. Watasema nimefeli."

"Nakukinga kwa mgongo. Kula."

Akala. Nilimkinga kwa upande wangu wa kanga kama mtu anayeficha wizi, na alipomaliza la kwanza akachukua la pili bila kuuliza. Hapo nikajua bado ni wangu. Nikamshika mkono, nikamwambia twende nyumbani.

Akautoa mkono wake. Hakuutoa kwa hasira, aliutoa kwa huruma, kama vile mimi ndiye mtoto.

"Mama, mimi niko nyumbani. Nilisharudi. Nikirudi tena itakuwa mara ya pili, wataona ile ya kwanza haikuwa ya kweli."

"Tuse, unaona mwenyewe hapa si nyumbani."

"Naona," akasema. "Lakini kengele ililia."

Ningeweza kumbeba, alikuwa mwepesi. Lakini lango la Maanani lina askari, na Sadala, aliyekuwa amebaki kwenye ngazi na ndoo yake, alinieleza kwamba lango humfungulia mgeni, lakini mwanafunzi humfungulia akiwa amehukumiwa kutoka tu, hata wanaoonekana likizo ni waliofeli 'come back'. Mwanangu asingeweza kuhukumiwa, kwa sababu hakuwa amefeli.

"Afeli, basi," nikasema.

"Nani?"

"Mwanangu. Arudie mtihani, afeli, ahukumiwe kurudi nyumbani."

Sadala aliketi juu ya ndoo. "Dada, nimeishi hapa tangu nina nywele. Hilo sijalisikia."

Huwa namwombea mtoto wangu afaulu. Kila mtihani nafunga, nasali, nawasha mshumaa. Siku ile nilitembea kuelekea Uwanja wa Kengele nikiomba kwa moyo wote mwanangu afeli, na nilikuwa naona haya hata kumtajia Mungu.

Baraza lilikuwa limekaa. Mkuu wao anaitwa Mheshimiwa Fasili. Aliletwa juu ya kiti, amebebwa na waliofeli, kwa kuwa yeye alifaulu "walk up", kusogea karibu kwa miguu, na tangu hapo miguu yake haijagusa chini. Shingo yake nyembamba, tai nene. Ombi langu lilipotangazwa wajumbe walishikwa na butwaa.

"Tangu nchi hii iwepo," akasema mjumbe mmoja, "wazazi huja hapa kulalamika kwamba mtoto kafeli. Huyu analalamika kwamba kafaulu."

"Ana wivu," akasema mwingine. "Hajasoma."

"Ningependa kuuliza," akasema wa tatu, mzee makini, "kama mtoto amekwisha kurudi, tutamtahinije mtu ambaye hayupo?"

Jambo hilo lilijadiliwa mpaka jua likahama. Wengine walisema hayupo kabisa. Wengine walisema hayupo rasmi, ila kivuli chake kipo. Mwishowe wakakubaliana kwamba kivuli kinaweza kutahiniwa kama kitasimama vizuri. Tusekile akasimama vizuri. Yeye husimama vizuri daima.

Mheshimiwa Fasili akaanza na mimi.

"Mama, unajua maana ya 'bring up'?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Ni kulea mtoto mpaka akue. Hujui hata hilo?" Uwanja ukacheka. "Sasa huyu umemleaje?"

"Nimemlea tu."

"Bila kujua maana?"

"Nilikuwa na mtoto, mheshimiwa. Maana sikuwa nayo."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Si mtu mbaya, nasema haki. "Kwa hiyo miaka yote hii umekuwa ukitumikia adhabu."

"Ndiyo. Na naomba niendelee kuitumikia."

Bi Bayana, mbele kabisa, alitoa leso na kunionea huruma.

Wakamgeukia mwanangu. "Tusekile, mtahiniwa bora wa bweni la wasichana. Eleza 'come back'."

Na mwanangu, mikono nyuma, kidevu juu, akaanza. "'Come back' ni kurudi mahali ulipotoka." Sauti safi, kila herufi mahali pake. Mpiga kengele akashika kamba. Moyo wangu ukaanguka, na bado, Mungu anisamehe, kidogo ulijivuna.

"Mfano?" akauliza Mheshimiwa Fasili.

"Mfano: Tusekile alirudi nyumbani kwa mama yake."

"Naomba niulize swali moja," nikasema. Sikungoja ruhusa. "Tuse. Uliporudi, mlango ulikusumbua?"

Hapa lazima nieleze kuhusu mlango wetu. Ubao wa chini umevimba kwa mvua. Ukiusukuma tu haufunguki. Unaushika kitasa, unauinua kidogo juu, unaweka goti, ndipo unasukuma. Wageni wote wanasimama nje wakipiga hodi. Watu wa nyumbani tunausikia ukilia "krii", tunajua ni mmoja wetu, hata hatuinuki.

Tusekile akafungua mdomo kujibu. Nikaona mkono mmoja umetoka mgongoni. Ukashika hewa mbele yake, ukainua kidogo. Goti likasogea. Akabaki hivyo, mtoto mwenye nidhamu kuliko wote Maanani, amesimama mbele ya baraza kama mtu anayepigana na kitu kisichoonekana.

"Sijaufungua," akasema. Hakusema kwa sauti ya mtihani. "Mama, mlango sijaufungua."

"Hilo si swali," akasema Mheshimiwa Fasili. "Mlango haumo kwenye maana. Mtahiniwa, narudia kwa mara ya mwisho ili kengele ipigwe. Maana ya 'come back' ni nini?"

Alikuwa anaijua. Sote pale tulijua kwamba anaijua, alikuwa ameisema sasa hivi. Midomo yake ilianza kuitengeneza, nikaiona. Kisha akaifunga. Machozi yakamtoka, maana hakuwahi kufeli kitu maishani mwake, hata kimoja.

"Sijui, mheshimiwa," akasema.

Mpiga kengele akaachia kamba. Uwanja mzima ukaguna kama kwenye msiba. Wanawake wakanigeukia, "Pole, mama. Pole sana." Bi Bayana akalia tena, safari hii kwa kweli. Mtu mmoja tu alipiga makofi, huko nyuma, makofi ya mikono yenye maji, nikajua ni Sadala.

"Amefeli," akasema Mheshimiwa Fasili, kwa huzuni. "Hukumu: arudi mahali alipotoka, kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya watu." Kisha akainama kutoka juu ya kiti chake, akanong'ona, "Mama, asikate tamaa. Mwakani aje arudie."

"Asante, mheshimiwa," nikasema, na nikamshika mwanangu mkono kabla hajabadili mawazo.

Watoto walituzomea mpaka langoni. "Wajinga hao wanapita!" Sijawahi kutembea kwa raha namna ile.

Tulipofika nyumbani nilimwacha atangulie. Baba yake alikuwa ndani. Nilisimama nyuma kwenye majani ya mgomba nikatazama. Akashika kitasa, akainua, akaweka goti. Krii. Baba yake, kutoka ndani, bila kuinuka, akasema, "Mama Tuse, umerudi?" Mtoto akasema, "Ni mimi, baba." Ndipo nikasikia kiti kimeanguka.

Nisikudanganye kwamba yamekwisha. Mpaka leo nikimwambia awashe moto, mara nyingine mikono inakwenda nyuma. Mimi sisemi kitu. Nangoja. Anaiona mikono yake, anacheka, anainama kutafuta kiberiti. Kiingereza anaendelea nacho katika shule ya kata, na jioni ananifundisha mimi vile vimkia, huku tunachambua mboga. Ni sharti langu, lazima tuwe tunachambua mboga. Nimeshajua "look after". Sijakitundika ukutani.

Mama Lugano ameniuliza kama ampeleke binti yake Maanani, kwa vile ana akili sana. Nimemjibu kwa maneno mengi, akasema nimwandikie kwa ufupi, na wengine wasome. Haya ndiyo ya kuepuka:

Usimpeleke mtoto mahali ambapo waliosoma ni wembamba na wapishi wanaona aibu.

Usimpongeze mtoto kwa kueleza vizuri mbuzi anavyoingizwa ndani wakati mbuzi yuko mvuani.

Usimkabidhi mtoto kwa mtu mwenye cheti cha kutunza kabla hujaona kama anakupa kiti.

Usikubali kuambiwa mtoto wako amekula. Tazama shingo yake.

Usimcheke aliyefeli akiwa amebeba ndoo.

Usione haya kumlea mtoto bila kujua neno lake kwa Kiingereza. Lakini likifundishwa, jifunze.

Usiutengeneze mlango wako mpaka wote wawe ndani.